Vitamini D, Unene na Jua la Kilombero

Katika kijiji cha Mbingu, kwenye Bonde la Kilombero nchini Tanzania, chini ya milima ya Udzungwa, jua halina msimu wa kuadimika. Kijiji kiko takriban nyuzi 8 kusini mwa Ikweta, na miale ya urujuanimno inayotengeneza vitamini D hufika mwaka mzima. Mkulima anayepalilia mpunga huku mikono ya gauni ameikunja hadi juu ya viwiko anajitengenezea vitamini hiyo palepale shambani: ngozi huanza, ini huendeleza, figo humalizia. Mwaka 2012, watafiti waliowapima Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania walikuta wastani wa nanomoli 115 za vitamini D kwa lita ya damu, kiwango ambacho Wazungu wengi hawakifikii.

Kwa nini basi mtu mnene, anayepigwa na jua hilohilo, aweze kupungukiwa?

Jibu lake ndilo linaloamua tiba. Mwaka 2000, Jacob Wortsman na wenzake nchini Marekani waliwaangazia miale watu wanene na wasio wanene. Ngozi za makundi yote mawili zilikuwa na malighafi ya kutosha, lakini ongezeko la vitamini D3 katika damu ya wanene lilikuwa pungufu kwa asilimia 57. Vitamini hii huyeyuka katika mafuta, na mafuta yakiwa mengi huizuia humo kama sifongo inavyonyonya maji.

Mafuta hayo hayakai kimya. Seli zake zikivimba huvuta seli za kinga, na kwa pamoja huzalisha molekuli kali za oksijeni kuliko mwili unavyoweza kuzidhibiti. Huo ndio mkazo wa oksidi. Huharibu utando wa seli, hupunguza nguvu ya insulini na kuumiza mishipa ya damu. Mwaka 2004, watafiti wa Japani walionyesha kwamba panya wanene walipozuiwa kuzalisha molekuli hizo, sukari na mafuta katika damu yao vilipata nafuu.

Katika maabara, vitamini D huamsha vimeng'enya vinavyozituliza molekuli hizo, na hapo ndipo matumaini ya vidonge yalipozaliwa. Ushahidi kutoka kwa binadamu haujayaunga mkono. Uchambuzi wa jeni za watu wapatao 42,000, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba unene hushusha vitamini D. Dalili kwamba upungufu wa vitamini huleta unene haikuonekana. Mwaka 2019 ukatoka utafiti wa Marekani wa watu 2,423 waliokaribia kupata kisukari, wengi wao wanene. Waliomeza yuniti 4,000 za vitamini D kila siku hawakukingwa kwa kiwango cha kuridhisha kitakwimu.

Kwa hiyo, vitamini D ndogo kwa mtu mnene isomwe kwanza kama alama ya mafuta yaliyozidi. Nchini Tanzania, wanawake wenye uzito uliozidi au unene uliokithiri waliongezeka kutoka asilimia 22 mwaka 2010 hadi 28 mwaka 2015–16. Bonde la Kilombero lina msingi wa kulikabili hilo: kliniki ya magonjwa sugu katika hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, imewafuatilia wanaoishi na VVU tangu mwaka 2005, na utaratibu huo wa kumfuata mgonjwa mwaka hadi mwaka ndio unaohitajiwa na unene. Vidonge wapewe wenye sababu mahususi, kama watoto wenye matege au wagonjwa wa figo. Kwa mtu mzima mnene anayetoka Mbingu, mizani, futi kamba ya kiuno, kipimo cha presha na cha sukari vitangulie kipimo cha vitamini D, na ushauri wa chakula na mazoezi utangulie chupa ya vidonge.