Vidole vinapojikunja ndani ya kiganja: Jinsi ya kutambua chanzo na tiba yake

Kwa mkulima wa kahawa wa Bugoye, kwenye vilima vya Rwenzori wilayani Kasese, magharibi mwa Uganda, kidole kisichonyooka huweza kuvumiliwa kwa muda mrefu. Hakiumi, na shamba halingoji. Anapoona kwamba mpini wa jembe haushikiki tena, mara nyingi wakati bora wa kutibiwa umekwisha kupita.

Vidole vinavyotangulia kujikunja ni kidole cha mwisho na cha pete. Tatizo ni kwamba magonjwa mawili yasiyohusiana kabisa huanzia kwenye vidole hivyo hivyo, na tiba ya mmoja haifai kwa mwingine.

Ugonjwa wa kwanza hujulikana kwa jina la Guillaume Dupuytren, daktari mpasuaji wa Paris aliyeufanyia upasuaji mwaka 1831. Utando ulio chini ya ngozi ya kiganja hunenepa, hufanya vinundu, kisha hugeuka kamba ngumu inayovuta kidole. Hisia hubaki kamili. Kipimo chake ni rahisi: laza kiganja juu ya meza, kisipolala sawasawa, ni vyema kumwona daktari. Kamba hiyo hukatwa kwa sindano au huondolewa kwa upasuaji, ingawa yaweza kurudi. Huwapata zaidi wazee wenye asili ya Ulaya ya kaskazini. Mwaka 2023 watafiti walieleza kwamba baadhi ya vinasaba vinavyouchochea vilirithiwa kutoka kwa Waneanderthali, binadamu wa kale ambao Waafrika wana urithi wao mdogo sana. Kwa hiyo katika Kasese ugonjwa huu si wa kudhaniwa kwanza.

Huko, chanzo chaweza kuwa kovu la moto. Mtoto aliyeungua kiganja kwenye mafiga hupona huku vidole vimeshikana na kovu, hasa kama havikunyooshwa na kufungwa kwenye banzi wakati kidonda kinapona. Upasuaji wa kulegeza kovu na kupandikiza ngozi hufanyika nchini, ikiwemo katika hospitali ya CoRSU iliyoko Kisubi, kwenye barabara ya Entebbe. Kidole kinachokwama asubuhi na kufunguka kwa mlio ni jambo jingine tena, na dogo zaidi: ni kano iliyobanwa.

Lakini kidole kinachojikunja pamoja na ganzi kinahitaji uchunguzi wa haraka, kwa kuwa chaweza kuwa dalili ya ukoma.

Vimelea vya ukoma, alivyovigundua Gerhard Hansen wa Norway mwaka 1873, hupenda neva zilizo karibu na ngozi. Inayoumia mara nyingi ni ile ipitayo nyuma ya kiwiko, ambayo ukiigonga mkono mzima hushtuka. Neva hiyo ikidhoofika, misuli midogo ya kiganja hufa nguvu, vidole viwili vya mwisho hujikunja mithili ya kucha za ndege, na upande huo wa mkono hupoteza hisia.

Namna ya kupima haihitaji mashine. Mgonjwa hufumba macho, mhudumu humgusa vidole kwa ncha ya kalamu, naye huonyesha alipoguswa. Kisha ngozi yote hukaguliwa kutafuta mabaka yaliyofifia yasiyo na hisia. Kazi hii yaweza kuanza katika kituo cha afya cha Bugoye. Bwera nako, karibu na mpaka wa Mpondwe, ni muhimu, kwani Kongo ni miongoni mwa nchi za Afrika zinazoendelea kuandikisha wagonjwa wengi wapya. Ugonjwa huu si mgeni wilayani: hospitali ya Kagando ilianza miaka ya 1960 ikiwa kituo cha wenye ukoma.

Dawa zake ni tatu: rifampisini, dapsoni na klofazimini. Humezwa kwa miezi 6 au 12 kulingana na aina ya ugonjwa, na tangu 1995 hutolewa bure duniani kote kupitia Shirika la Afya Duniani. Huua vimelea, lakini hazinyooshi kidole. Neva iliyovimba hutibiwa kwa prednisoloni, chini ya uangalizi wa daktari, na matumaini ya kurudisha nguvu na hisia ni makubwa ikiwa udhaifu haujazidi miezi 6. Hapa ndipo ukimya unapogharimu, na aibu inayoambatana na jina la ukoma ndiyo inayowafanya wengi wanyamaze.

Aliyechelewa naye hakukosa msaada. Tangu miaka ya 1940, Paul Brand alipoanza kazi hiyo huko Vellore, India, madaktari huhamisha kano yenye nguvu ili ifanye kazi ya misuli iliyokufa. Sharti ni viungo viwe bado laini. Ndiyo maana mgonjwa hufundishwa kuloweka mikono majini kila siku kwa nusu saa, kuipaka mafuta, na kunyoosha vidole taratibu kwa mkono mwingine.

Jikoni ndiko kwenye hatari kubwa. Mkono wenye ganzi huinua sufuria ya moto bila kujua kwamba unaungua, na vidonda vya namna hiyo, wala si vimelea, ndivyo hufupisha vidole. Kitambaa kinene cha kushikia sufuria, mpini wa jembe uliozungushiwa nguo, na kuikagua mikono kila jioni kwenye mwanga ni sehemu ya tiba sawa na vidonge.