Difu Iliyofungwa na Bei Yake kwenye Usukani

Gari likikata kona, tairi la nje hutembea njia ndefu kuliko la ndani. Mwishoni mwa miaka ya 1820 fundi saa Mfaransa, Onésiphore Pecqueur, alibuni difu kwa ajili ya gari la mvuke ili kila gurudumu lizunguke kwa kasi yake. Kona ikawa nyepesi. Tope ndilo lililofichua kasoro: difu hiyo hugawa msukumo sawa kwa sawa, hivyo tairi lililo pakavu halipati zaidi ya kile kidogo kinachotosha kulizungusha lile linaloteleza. Moja huzunguka bure, jingine limesimama. Aliyewahi kusukuma gari wakati wa masika anaijua hali hiyo.

Katika miaka ya 1930 kampuni ya Kijerumani ya ZF ilitengeneza difu inayojibana yenyewe kwa magari ya mashindano ya Auto Union, yaliyobuniwa na Ferdinand Porsche. Kisha difu ya namna hiyo ikawekwa kwenye Kübelwagen, gari la jeshi lililoanza kuundwa kwa wingi mwaka 1940. Lilisukumwa na magurudumu ya nyuma tu, lakini kwa wepesi wake na difu hiyo lilipita mchanga wa Afrika Kaskazini. Kwangu huo ni ushahidi mkubwa kwamba wingi wa magurudumu yanayosukuma si kila kitu.

Kuifunga difu kabisa ni jambo zito zaidi. Magurudumu mawili ya ekseli hulazimika kwenda kasi moja, na gari hutaka kunyooka hata dereva akizungusha usukani. Kwenye lami kavu matairi huburuzwa na ekseli hubeba mkazo unaoweza kuivunja. Hatari inayosahaulika iko kwenye mteremko wa ubavuni. Difu ikiwa wazi, tairi moja likiteleza, lile lililotulia huizuia ekseli isiserereke. Ikifungwa, yote mawili yanaweza kupoteza mshiko kwa pamoja, na mkia wa gari ukashuka bondeni.

Kwa hiyo ubunifu uliofaa zaidi ulikuwa ule wa kumpa dereva uamuzi. Mwaka 1987 kampuni ya ARB ya Australia ilinunua ubunifu uliotoka New Zealand wa loki inayofungwa kwa upepo. Leo dereva hubonyeza swichi, kompresa ikasukuma hewa, difu ikafunga, na akishavuka huiachia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Toyota nayo iliuza Land Cruiser 80 zenye loki za umeme kutoka kiwandani.

Mercedes G-Class ya mwaka 1990 ilikuja na loki tatu, na swichi zake zina mpangilio: kwanza ya kati, kisha ya nyuma, mwisho ya mbele. Ya mbele hungoja kwa sababu ikishafungwa, magurudumu yanayoongoza gari hukataa kugeuka.