Kuandika maisha yako mwenyewe: mtu aanzie wapi?

Mzee aliyefanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha Shituru ananunua kaye na biki. Anataka kuwaachia wajukuu habari ya maisha yake. Anaandika jina lake, jina la baba na kijiji, kisha biki inasimama. Habari anazo, tena nyingi. Hajui tu azipange ginsi gani.

Wengi wanajaribu kufuata mwaka kwa mwaka, lakini wazee wengine hata tarehe ya kuzaliwa hawana: makaratasi yao yanasema tu « né vers ». Kwa wakaaji wa Likasi kuna njia tatu zilizo rahisi zaidi.

Matukio ya mji. Vita ya Jadotville, Septemba 1961. Jina la Likasi, 1966. Serikali kutwaa mali ya Union Minière, 1967. Familia zenye asili ya Kasai kufukuzwa na kulala stesheni zikingoja treni, kuanzia 1992. Wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines kuacha kazi kwa mpango wa « départs volontaires », ulioanza 2003. Kwa kila tukio, mwandishi ajiulize: « Ile siku nilikuwaka wapi? Na nani? Tulikulaka nini? » Majibu yake ndiyo sura ya kitabu.

Nyumba. Kila nyumba inakuwa sura moja: kijijini, kwenye kambi ya kazi, Panda, Kikula. Nani alilala mule, nani alizaliwa, sababu gani walihama. Njia hii inafaa sana kwa mama ambaye hakuwa na matricule ya kazi. Makaratasi ya kampuni yanamtaja tu kama bibi wa fulani, lakini nyumba zote anazikumbuka.

Kazi na wakubwa wake. Mwaka 1965, kule Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, André Yav aliandika historia ya mji kwa niaba ya waliokuwa maboi wa Wazungu. Kitabu chao, « Vocabulaire », kinaeleza mji ginsi ulivyoonekana na wale waliopika na kufua. Kiliandikwa kwa Kiswahili cha Katanga, kile cha kusemwa nyumbani. Johannes Fabian alikichapisha pamoja na tafsiri mwaka 1990.

Mtu mwingine wa Katanga, ambaye habari yake ilielezwa na Jan Blommaert katika kitabu cha 2008, aliandika maisha yake mara tatu. Kwa hiyo kaye ya kwanza isiogopwe. Ni ya kukusanya. Mpango unaweza kuja kwenye ya pili.

Penye mambo yanayoumiza jirani, kama yale ya 1992, mwandishi anaweza kueleza aliyoyaona bila kutaja jina la mtu. Na kama macho hayaoni tena vizuri, mzee aseme, mjukuu aandike. Kila mzee anapozikwa bila kusema, nyumba alizokaa zinabaki na namba tu.