Msitu Uliokatwa kwa Kalamu

Wanubi waliolitumikia jeshi la King's African Rifles walianza kukaa Kibera mwaka 1904, na makao yao waliyaita Kibra, yaani msitu, kwa sababu ndivyo palivyokuwa. Vita Vikuu vya Kwanza vilipokuwa vikielekea kwisha, serikali ya kikoloni ilipima eneo hilo ikapata ekari 4,197. Hapakuwa na mabati wala mitaro. Palikuwa na miti, mashamba madogo, na usiku sauti za wanyama.

Mmoja wa wenyeji wa msitu huo bado yupo ng'ambo ya Kibera, ndani ya Msitu wa Barabara ya Ngong. Ni bundi wa msituni, ndege wa kahawia mwenye kichwa cha mviringo kisicho na vishungi na macho meusi tititi. Dume na jike huishi pamoja katika eneo lao mwaka hadi mwaka, na giza likiingia huitikiana, mmoja kwa mlio mzito, mwingine kwa sauti ya juu. Chakula chao kikubwa ni wadudu: mende, panzi, nondo. Panya nao hawasazwi.

Huko mtaani Kawangware, bundi akilia juu ya paa wapo wanaoanza kujiuliza nani mgonjwa nyumbani. Wakikuyu humwita ndundu, Wajaluo tula, na pande zote mbili mlio wake huhesabiwa kuwa habari ya msiba. Ndiyo maana hurushiwa mawe. Imani hiyo imeua bundi wengi, na inafaa kupingwa. Lakini haijawahi kuondoa hata ekari moja ya msitu.

Ekari ziliondoka kwa njia nyingine. Mwaka 1932 serikali iliutangaza Msitu wa Barabara ya Ngong kuwa hifadhi, ukiwa na zaidi ya hekta 2,900. Hata wakati huo nia haikuwa kumlinda ndege yeyote. Reli ilitaka kuni za garimoshi, na mikalitusi ilikuwa imeletwa Kenya tangu 1902 kwa kazi hiyo. Sehemu za msitu wa asili zikawa mashamba ya miti ya kigeni iliyopandwa kwa mistari.

Kisha mji ukaukaribia. Shule ya Duke of York, ambayo leo ni Lenana, ilianzishwa mwaka 1949. Uwanja wa mbio za farasi ukafunguliwa mwaka 1954. Baadaye zikaja nyumba, ofisi na viwanja vya watu binafsi. Miaka ya 1990 ndiyo iliyoumiza zaidi, maana ardhi ya umma iligawiwa kama zawadi za kisiasa. Tume ya Ndung'u, iliyochunguza ugawaji haramu wa ardhi na kutoa ripoti yake mwaka 2004, iliutaja msitu huu pamoja na Karura, ule ambao Wangari Maathai na wenzake walipigwa wakijaribu kuutetea Januari 1999. Leo Msitu wa Barabara ya Ngong umebaki na hekta zipatazo 1,224, na barabara ya Southern Bypass, iliyoanza kujengwa mwaka 2012, imepita katikati yake.

Wanubi nao walipitia njia hiyo hiyo. Ekari zao 4,197 ziliendelea kumegwa na mitaa mipya, na hati ya jamii waliyokabidhiwa mwaka 2017 ilikuwa ya ekari 288. Ndege na watu walipoteza ardhi kwa ramani zilizochorwa mbali nao.

Ndiyo sababu inauma kusikia lawama zote zikitupiwa akina mama wa Kibera wanaotoka msituni na mizigo ya kuni. Kila mmoja wao hubeba matawi makavu yaliyofungwa kwa kamba ya katani, kwa sababu bei ya mkebe wa makaa imemshinda. Ukataji wa kweli upo, na umewadhuru bundi. Mhuhu, mti mgumu unaopendwa na wachongaji wa vinyago, umevunwa sana. Lakini hakuna mzigo wa kichwani unaoweza kumaliza hekta 1,700.

Mhuhu huo huo unaota pia Arabuko-Sokoke, karibu na Malindi, na huko ndiko kwenye makao makuu ya bundi mdogo wa Sokoke, aliyetambulishwa kwa sayansi mwaka 1966. Yeye yumo katika Orodha Nyekundu ya IUCN kama ndege aliye hatarini kutoweka. Bundi wa Pemba, aliyeelezwa na Pakenham mwaka 1937, hana kwao kwingine duniani ila kisiwa hicho; amejikimu kwa kuishi pia katika mashamba ya mikarafuu, si katika msitu wa Ngezi peke yake. Na mwaka 2022 alitangazwa bundi mpya wa kisiwa cha Príncipe, katika Ghuba ya Guinea, ambaye jina lake la kisayansi linamheshimu Bikegila, mwenyeji aliyewaongoza watafiti. Makao yake ni kilomita za mraba zipatazo 15.

Msitu wa Barabara ya Ngong una 12 na ushei. Ni kisiwa kidogo kuliko makao hayo, kimezungukwa na lami badala ya maji. Lakini bundi wake huonekana kuanzia Senegali hadi Afrika Kusini, kwa hiyo IUCN humweka katika kundi la ndege wasiotia wasiwasi mkubwa. Hukumu hiyo ni sahihi kwa bara zima. Kwa jozi zilizobaki nyuma ya Kibera haisemi kitu: zikitoweka huko, orodha haitabadilika hata herufi moja.

Wanachohitaji bundi hawa kinajulikana. Hutaga yai moja hadi matatu ndani ya tundu la mti mzee, na mkalitusi unaovunwa ukiwa kijana haupati muda wa kufanya tundu. Vikundi vya vijana na shule vinavyopanda miche ya asili kwenye kingo za msitu vinafanya kazi njema, ila mhuhu hukua polepole mno. Ule uliopandwa mwaka huu utahitaji miongo kadhaa kabla haujaweza kumficha kinda, na kwa miongo yote hiyo mpaka wa hekta 1,224 hauna budi kukaa pale ulipo.