Mawe ya Shinkolobwe na muji wa Kyoto

Bandugu, wengi mumeniomba niandike juu ya safari yangu ya Japani. Munangoja mambo ya mpunga, juu njo nilienda kujifunza: mafunzo ya mbegu, maji na udongo, kule Tsukuba. Ile nitaiandika siku ingine. Leo nataka kuongea juu ya siku mbili tu nilizopitisha ku Kyoto, na juu ya jambo moja nilinyamaza nalo wakati niliulizwa.

Nilipanda basi ya usiku toka Tokyo, juu treni ya mbio bei yake ni ya watu wenye mushahara. Asubuhi nikashuka, macho mekundu, mufuko ku mugongo. Kyoto ulikuwa muji wa wafalme wa Japani tangu 794 mpaka karne ya 19. Tusidanganyane, haiko kijiji cha zamani. Ukitoka ku kituo unakuta vioo, vyuma, mabasi na magazini kama fasi yote. Lakini ukitembea kidogo tu, hekalu. Ukikunja kona, hekalu ingine.

Nilianza na Sanjusangendo. Unatoa viatu, unaingia mu nyumba ya mbao yenye urefu wa mita 120 hivi. Ndani kuna sanamu 1,001 za Kannon, yule wa huruma, zimesimama mustari kwa mustari, mbao iliyopakwa zahabu. Kupiga foto hairuhusiwi, basi unaangalia na macho. Nyumba ya kwanza iliungua mu 1249. Katika zile sanamu ndogo elfu moja, waliokoa 124 tu ndani ya moto. Wakajenga tena, wakamaliza mu 1266, na zile zingine wakazichonga upya. Mi ni mutu wa kilimo, kitu cha kwanza niliangalia ni nguzo. Zaidi ya miaka 750, na zinasimama! Kwetu ku Kikula nguzo ya paillote, muchwa wanaimaliza mbele hujamaliza kulipa fundi.

Ku mulango kulikuwa mama mumoja muzee, wale wanaosaidia wageni bila kulipwa. Akaniuliza kupitia telefone inayotafsiri: unatoka inchi gani? Kongo. Muji gani? Likasi. Kwenu munajulikana juu ya kitu gani? Nikasema shaba na kobalti. Akaandika mu kakitabu kake, akainama, na mi nikainama. Nikaondoka na moyo muzito, juu kuna kitu cha tatu na sikukisema.

Shinkolobwe iko kilometa 20 hivi toka Likasi, upande wa mangaribi. Mu 1915 mutafuta madini Mwingereza, Robert Sharp, aligundua pale mawe yenye urani. Union Minière ilianza kuchimba mu 1921. Walichotaka ilikuwa radiumu, waliyoitoa ku usine ya Olen, Ubelgiji. Urani yenyewe haikuwa na soko kubwa. Mu 1937 wakafunga, maji yakajaa ndani. Halafu vita. Mu 1940 mukubwa wa Union Minière, Edgar Sengier, alipeleka tani 1,200 hivi za mawe ku New York, yakawekwa mu depo ku Staten Island. Mu Septemba 1942 koloneli wa Marekani, Kenneth Nichols, aliingia mu ofisi yake akitafuta urani. Sengier alikuwa nayo tayari, na haikuwa urani ya muchezo: oksidi ya urani ndani ya yale mawe ilifika karibu 65 kwa mia, wakati kwingine hata moja kwa mia ilikuwa bahati. Wakafungua tena Shinkolobwe, wazee wetu wakaitwa ku kazi. Sehemu kubwa ya urani ya bomu ya atomiki ilitoka apa kwetu.

Sasa musikilize upande wa Kyoto. Mu Mei 1945 kamati ya Wamarekani ilikaa kuchagua miji ya kupiga, na Kyoto ilikuwa kwa ile liste. Karibu watu milioni moja. Waliandika hata kwamba, kwa sababu ni muji wa wasomi, watu wake wangeelewa vizuri maana ya ile silaha. Bandugu, ile sababu niliisoma mara mbili.

Aliyeikataa ni Henry Stimson, waziri wa vita. Alikuwa ametembelea Kyoto mu 1926. Wengi wanaeleza kwamba alifanya fungate pale, lakini alioa mu 1893, hesabu haikubali. Majenerali walirudisha jina mara na mara, yeye akalitoa. Mwishoni alienda mpaka kwa Truman. Alisema ni muji wa utamaduni, na aliogopa uchungu utawasukuma Wajapani kwa Warusi. Ni vigumu kujua huruma ilikuwa ngapi na hesabu ngapi. Pa nafasi ya Kyoto wakaandika Nagasaki.

Ku 6 Agosti, Hiroshima. Ku 9 Agosti walitaka Kokura, hawakuona muji vizuri toka angani, wakapita Nagasaki. Mpaka mwisho wa mwaka walikufa watu 140,000 hivi ku Hiroshima, na 70,000 hivi ku Nagasaki.

Fasi walitaka kupima bomu ku Kyoto ilikuwa Umekoji, kule wanazungusha vichwa vya treni. Leo ni makumbusho ya treni. Nilienda. Watoto wanapiga kelele, moshi wa locomotive, wazazi na ice cream. Haiko mbali na hekalu ya Toji, yenye munara wa mbao wa mita 55 hivi, wa tangu 1644. Nilisimama pale nikifikiria yale mawe.

Nilifikiria pia kambo wangu, baba ya mama. Aliingia ku Shinkolobwe mu 1952, kuchagua mawe na mikono. Kwa hiyo mawe ya 1945 hayakupita kwake, yalipita kwa wale wa mbele yake. Siku moja, mbele hajafa, nilimuuliza kama walijua. Akasema: "Hakuna mutu alituambiaka kintu. Tulijua tu ni majiwe ya bei, juu ya basoda ku mulango."

Siku ya pili nilirudi Sanjusangendo nimwambie yule mama. Hakuwepo.

Ku Hiroshima, kila tarehe 6 Agosti wanaongeza majina ya waliokufa mu kitabu. Ku Shinkolobwe walifunga mashimo na beton mbele ya uhuru. Wachimbaji wetu wakarudi kutafuta kobalti. Mu Januari 2004 serikali ikakataza, na mu Julai udongo ukaangukia watu, wakafa. Majina ya wazee waliofanya kazi pale tangu 1921, sijaona yameandikwa fasi yoyote.

Kitabu cha kazi cha kambo kiko mu sanduku ya mama, pamoja na vikwembe. Panya wameshaanza pembeni, lakini jina, namba na mwaka vinasomeka. Kama kwenu kiko cha namna ile, cha kambo ao cha baba yake, mukipige foto munitumie. Mpaka sasa niko na vitatu.