Kuondoa na kuweka upya programu ya kukinga virusi

Programu ya kukinga virusi ni miongoni mwa programu chache za kompyuta ya nyumbani zilizoundwa makusudi zisiondolewe kwa urahisi. Virusi vingi, vikishaingia, hujaribu kwanza kumwondoa mlinzi. Kwa hiyo mlinzi naye hujichimbia ndani kabisa ya mfumo endeshi, huanza kazi kabla mtumiaji hajaandika neno la siri, na hukataa amri za kumfuta.

Kina hicho kilidhihirika tarehe 21 Aprili 2010, pale taarifa mpya ya virusi iliyotolewa na kampuni ya McAfee ilipoitambua kimakosa faili muhimu ya Windows XP, svchost.exe, kuwa ni virusi. Kompyuta katika nchi nyingi zilizima na kuwaka mfululizo, na nyingine zikapoteza mtandao.

Kwa mtumiaji wa nyumbani matatizo huwa madogo zaidi: programu haipokei tena taarifa mpya, kompyuta inajikokota, au leseni iliyolipiwa juzi inasomeka kuwa imekwisha. Wengi hufuta folda yake wakadhani kazi imekwisha. Mabaki yaliyojificha katika sajili ya Windows hubaki palepale, na programu mpya ikiwekwa juu yake, hugombana nayo. Kompyuta inaweza hata kukataa kuwaka, nayo ina picha za familia na nyaraka za uhamiaji zisizo na nakala nyingine.

Nakala za faili hizo, basi, ndizo za kwanza kuwekwa pembeni, kwenye diski ya nje. Kisha mtumiaji aandike namba ya leseni mahali, na apakue mapema programu mpya pamoja na zana maalumu ya kuondolea ile ya zamani. Norton, McAfee, Kaspersky na Avast, kila moja ina zana yake, na hutolewa bure. Anwani ya kampuni ni bora kuandikwa kwa mkono, kwani matangazo yanayotangulia katika matokeo ya utafutaji yamewahi kuwafikisha watu kwenye tovuti bandia, ambako hupakua kirusi kwa jina la tiba.

Kabla ya kuondoa chochote, ifaa pia kutazama karantini, yaani mahali programu inapofungia faili zilizoshukiwa. Huenda humo mna waraka halali uliofungiwa kwa makosa, na utafutwa pamoja na programu.

Baada ya hapo intaneti ikatwe. Programu iondolewe kwa njia ya kawaida, katika orodha ya programu kwenye mipangilio ya Windows, na kompyuta iwashwe upya. Ndipo zana ya kampuni itumike kusafisha mabaki. Baadhi huhitaji Windows iwashwe katika hali salama, ambamo huanza na vitu vya lazima tu. Kompyuta iwashwe upya tena. Hatua hii isirukwe, kwani baadhi ya faili hufutika wakati wa kuwaka tu.

Intaneti ikirudishwa, programu mpya huwekwa, hupokea taarifa za virusi, na hukagua kompyuta nzima, kazi inayoweza kuchukua saa kadhaa. Windows 10 na 11 zina kinga yake, Microsoft Defender, ambayo kwa kawaida hujiwasha nyingine inapoondolewa na kujizima nyingine inapowekwa. Ukurasa wa usalama wa Windows huonyesha ni ipi iliyo kazini.