Udhibiti wa Dalali wa Fedha

Kisangani neno dalali halisikiki sana. Anayekutafutia nyumba ya kupanga ni komisionere, na kijana anayetaka kuzungusha dola zako mtandaoni kwenye soko la fedha za kigeni hujiita kurtye. Kiswahili sanifu kinawaita wote madalali, watu wa kati wanaokula asilimia. Lakini komisionere wa nyumba hakai na mtaji wako, dalali wa fedha anakaa nao. Hapo ndipo neno udhibiti linapohitajika.

Wengine huandika uangalizi. Silipendi: mtu anaweza kuangalia tu mpaka pesa zikaisha. Kudhibiti ni kushika barabara. Mdhibiti hudai mtaji wa kuanzia, hulazimisha fedha za wateja zikae kwenye akaunti tofauti na za kampuni, hukagua vitabu vya hesabu, na akikuta uchafu hufuta kibali.

Pasipo udhibiti pesa za watu hupotea. Enzi za Zaire, kampuni ya Bindo Promotion ya Kinshasa ilipokea akiba za watu kwa ahadi ya kuzizidisha ndani ya muda mfupi. Wa kwanza walilipwa kwa pesa za waliofuata, na mwaka 1991 ikaanguka. Tanzania nayo ilikuwa na mpango wa DECI, ambako watu "walipanda mbegu" wakingoja kuvuna, hadi serikali ilipoifunga mwaka 2009.

Kwetu Kongo, Benki Kuu ndiyo inayotoa kibali, yaani agrema, kwa benki, mashirika ya mikopo midogo na maduka ya kubadilisha pesa. Kenya, kwa upande wake, ilitunga kanuni za madalali wa fedha za kigeni mtandaoni mwaka 2017, na leseni ya kwanza ikatoka mwaka uliofuata.

Mtego mkubwa ni karatasi. Ofisi nyingi hubandika ukutani namba ya RCCM, na mteja akiona muhuri anaridhika. Namba hiyo ni ya daftari la biashara, hata muuza saruji anayo. Haimruhusu mtu kukusanya akiba za umma.

Basi ukiombwa dola zako, ulizia namba ya agrema na uikaguze Benki Kuu. Akidai ana leseni ya ng'ambo, tafuta jina la kampuni kwenye orodha ya mamlaka ya nchi hiyo, si kwenye tovuti yake mwenyewe. Akikuonyesha RCCM peke yake, usimpe hata dola moja.